Ukweli Una Gharama: Nani Ailipe?



Katika makala haya tunakusudia kulichungua swali moja ambalo wengi wetu tulikutana nalo wakati wa ugonjwa wa korona, kisha tukalisahau mara tu shule zilipofunguliwa na maisha yakarudi katika mkondo wake. Swali lenyewe ni hili: Mzazi ajuaye kwamba mtoto wake ana ugonjwa wa kuambukiza, akanyamaza na kumpeleka shule, je, amesema uongo? Na ikiwa ametenda kosa, je, kosa hilo ni lake peke yake?

Huenda mtu akasema kwamba jambo hili limekwisha pita. Ni kweli kwamba tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona si dharura ya ulimwengu tena. Lakini surua haijatangazwa kwisha, wala kipindupindu, wala tetekuwanga, wala ule ugonjwa wa macho mekundu uliozagaa Dar es Salaam mwezi wa Januari 2024. Madarasa yangali yanajaa watoto, na kila asubuhi yuko mzazi fulani amgusaye mtoto wake paji la uso na kujiuliza: Nimpeleke, au nimwache nyumbani? Kwa hiyo swali hili li hai, na yafaa tulitafutie jawabu sasa tukiwa na utulivu, kabla halijatujia tena kwa kishindo.

Mifano yangu mingi nitaitoa Uingereza, kwa sababu huko ndiko nilikokuwa nikifundisha katika chuo cha dini wakati wa maradhi hayo, na huko ndiko binti yangu alikokuwa akisoma shule ya msingi. Hivyo nilisimama pande zote mbili: nilikuwa mwalimu na nilikuwa mzazi. Nami nitaeleza kosa nililolitenda mwenyewe, maana mwandishi anayewaonya wenzake juu ya ukweli hana budi kuanza na nafsi yake.

HALI ILIVYOKUWA

Katika England, iliyo sehemu kubwa kabisa ya Uingereza, shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020 kwa watoto wote isipokuwa wale wenye shida maalumu na wale ambao wazazi wao walikuwa na kazi zisizoweza kusimama, kama vile wauguzi na madereva wa mabasi. Watoto wote walirudi madarasani Septemba 2020. Ili mgonjwa mmoja asisababishe shule nzima kufungwa, wanafunzi waligawanywa katika makundi yasiyochanganyika. Katika shule ya msingi kundi liliweza kuwa darasa moja. Katika sekondari mara nyingi lilikuwa mwaka mzima wa masomo, yaani wanafunzi mia mbili na zaidi. Mmoja wao akionekana kuwa na korona, wote waliokaribiana naye, na mara nyingine kundi zima, waliamriwa wakae nyumbani siku 14. Tangu tarehe 14 Desemba 2020 siku hizo zikapunguzwa kuwa 10.

Katikati ya Julai 2021 watoto zaidi ya milioni 1 wa England hawakuwamo madarasani kwa sababu ya korona, ilhali walio wengi sana kati yao hawakuwa wagonjwa, bali walitengwa kwa kuwa walikaribiana na mgonjwa.

Tafakari, ndugu msomaji, maana ya utaratibu huo. Neno moja la kweli kutoka kwa mzazi mmoja liliweza kuwafungia watoto mia mbili majumbani. Hapana shaka utaratibu ulikuwa na hekima yake, lakini uliufanya ukweli kuwa kitu kizito mno mikononi mwa mtu mmoja.

Nakumbuka Jumapili moja usiku simu yangu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa shule: mtoto mmoja katika darasa la binti yetu ameonekana kuwa na ugonjwa, kesho darasa zima lisije. Jina halikutajwa, na ndivyo ilivyopasa. Lakini katika kundi la wazazi kwenye simu swali la kwanza halikuwa, "Mtoto huyo anaendeleaje?" Swali la kwanza lilikuwa, "Ni nani?" Kabla ya saa mbili asubuhi kila mtu alikuwa amekwisha jua. Mama wa mtoto huyo alikuwa humo humo kundini, akisoma yote yaliyoandikwa. Hakujibu neno.

Tusiwasahau wafanyakazi wa shule. Mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa akikaa usiku na orodha ya viti vya darasa, akihesabu nani aliketi karibu na nani, kisha akipiga simu nyumba kwa nyumba. Mwalimu wa darasa alifundisha waliokuwa mbele yake na wakati huo huo kuwatumia masomo waliokuwa nyumbani. Mpishi na mfagiaji walifuta meza na vitasa vya milango mara nyingi kwa siku. Na mara kwa mara waliwatangazia wazazi amri ambazo si wao waliozitoa. Mwezi wa Desemba 2020 halmashauri ya Greenwich, mjini London, iliziomba shule zake ziwarudishe watoto nyumbani kwa kuwa maambukizi yalikuwa yakipanda. Serikali ikatumia nguvu ya sheria kuzitaka zibaki wazi. Haukupita mwezi mmoja, tarehe 4 Januari 2021, watoto wengi wa shule za msingi walirudi kwa muhula mpya, na usiku wa siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba shule zote zifungwe tena. Mwalimu aliyewaambia wazazi asubuhi, "Njooni, ni salama," alipaswa kuwaambia usiku, "Msije." Hakuwa mwongo, lakini wako waliomwita hivyo.

JE, KUNYAMAZA NI UONGO?

Watu wengi hudhani kwamba uongo ni kazi ya ulimi tu. Sivyo. Mfanyabiashara anayepanga machungwa mazuri juu na yaliyooza chini hajatamka neno, walakini kila mtu mwenye akili atakiri kwamba amedanganya. Kadhalika, shule inapokuwa na kanuni ijulikanayo na wote kwamba mtoto mgonjwa asiletwe, basi kitendo cha kumleta mtoto langoni ni ushahidi. Mzazi anasema bila ya kufungua kinywa: "Huyu ni mzima." Akiwa anajua kuwa si mzima, ametoa ushahidi wa uongo, na waliomwamini wamejenga juu ya ushahidi huo: mwalimu amemsogelea mtoto kumfundisha kushika kalamu, na mwenzake amekunywa naye maji.

Lakini hapa hatuna budi kutofautisha mambo matatu, maana wengi huyachanganya na kuwadhulumu wenzao.

La kwanza ni kutojua. Mtu mwenye korona aliweza kuwaambukiza wengine tangu siku mbili hivi kabla ya yeye mwenyewe kuona dalili, na watoto wengi hawakuonyesha dalili yo yote. Mzazi aliyempeleka mtoto akiwa hajui hana kosa hata kidogo. Ugonjwa si dhambi, na kuambukizwa si aibu. Anayemuuliza mzazi huyo, "Kwa nini ulituletea ugonjwa?" amemtwika mwenzake hatia ambayo haipo.

La pili ni shaka. Huko England dalili zilizotangazwa wakati ule zilikuwa tatu: kikohozi kipya kisichokoma, homa kali, na kupoteza uwezo wa kunusa au kuonja. Lakini katika majira ya baridi karibu kila mtoto hukohoa. Mzazi afanyeje? Jawabu letu ni kwamba shaka nayo ina ukweli wake. Mwenye shaka aseme kuwa ana shaka: "Mwalimu, mtoto amekohoa usiku, sijui ni nini, nishaurini." Maneno hayo hayamfungii mtu mlango, bali humshirikisha mwalimu katika kuamua. Kosa huanza pale mtu anapoitumia shaka kama pazia, akajiambia, "Sina hakika," ilhali ameogopa kuitafuta hakika.

La tatu ni kujua na kuficha. Hili ndilo tulilolifananisha na machungwa. Mtu aliyekiona kipimo kikionyesha ugonjwa, akakitupa jalalani na kumvalisha mtoto sare, huyo amevunja amana.

MZIGO WA MWENZIO

Baada ya kusema hayo, haki yatutaka tutazame upande wa pili. Tumfikirie mama mmoja ambaye hulipwa kwa saa kwa kufagia maofisi, naye hana mume wala jamaa karibu. Walimu wanamwambia, "Darasa la mwanao limefungwa siku kumi." Mtoto ana miaka sita, hawezi kuachwa peke yake. Mama asipokwenda kazini, halipwi.

Sheria ya England ilimpa nini? Malipo ya ugonjwa ya lazima tangu Aprili 2020 yalikuwa pauni 95.85 kwa juma, na hayo hayakumhusu mtu ambaye wastani wa mapato yake ulikuwa chini ya pauni 120 kwa juma. Tena yalikuwa kwa ajili ya mtu mwenyewe aliye mgonjwa au aliyeamriwa kujitenga. Mzazi mzima aliyebaki nyumbani kumwangalia mtoto asiye mgonjwa, ila ametengwa, hakuyapata. Septemba 2020 ulianzishwa msaada wa pauni 500 kwa watu wenye mapato madogo walioamriwa kujitenga. Lakini wazazi wa watoto waliotengwa na shule waliingizwa katika mpango huo Machi 2021 tu. Kinyume chake, faini ya kuvunja amri ya kujitenga ilianza Septemba 2020, nayo ilianzia pauni 1,000. Basi kwa muda wa miezi mitano au sita adhabu ilikuwa imefika, na msaada ulikuwa ungali njiani.

Sasa mtu kama mimi, ambaye mshahara wangu uliendelea kuja hata nilipofundisha nikiwa nyumbani, nilikuwa na haki gani kumwambia mama huyo kwamba ukweli ni mwepesi? Kwangu ulikuwa mwepesi kweli kweli, maana haukunigharimu chakula cha hata siku moja. Wazee wetu wamesema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Huenda msomaji akauliza: Je, basi, umaskini unauhalalisha uongo? Jawabu letu ni: La. Mtazame mtoto anayeketi karibu na mwana wa mama huyo. Huenda analala chumba kimoja na bibi yake mwenye pumu. Hatari ambayo mama ameikwepa kwa kunyamaza haikutoweka. Imehamishwa tu, ikawekwa juu ya mtu mwingine ambaye hakuulizwa kama yuko tayari kuibeba. Na mara nyingi mtu huyo mwingine naye ni maskini, kwa kuwa nyumba za maskini ndizo zilizobanana na kazi zao ndizo zisizofanyika kwa mbali. Kwa hiyo kosa linabaki kuwa kosa.

Lakini kusema kwamba kitendo fulani ni kosa ni jambo moja, na kusema ni nani wenye sehemu katika kosa hilo ni jambo la pili. Watu mia mbili wanaopata usalama kutokana na ukweli wa mtu mmoja, kisha wakamwacha alale na njaa kwa sababu ya ukweli huo, wamekula tunda na kumwachia yeye maganda. Kesho atakaponyamaza, dhambi ya ukimya huo ni yake, lakini wao nao wana fungu lao.

KOSA LANGU MWENYEWE

Mwezi wa Novemba 2020, katika chuo nilichofundisha, vijana walikuwa wakiishi bwenini. Alfajiri moja kijana mmoja alinijia mlangoni, akasimama mbali, akasema kwamba ana homa tangu usiku. Alipimwa, akaonekana kuwa na ugonjwa. Wenzake wote wa ghorofa yake walifungiwa vyumbani siku 14, na mtihani ukaahirishwa.

Katika somo lililofuata niliwatangazia wanafunzi habari hiyo. Nilisema, "Kwa sababu ya mwenzetu mmoja, mtihani hautafanyika juma hili." Sikukusudia ubaya, nilidhani natoa taarifa tu. Lakini kila mmoja alimjua mwenzetu huyo ni nani, nami nilisikia mguno darasani nikaupuuza.

Hazikupita siku ishirini, nikagundua kwamba kijana mwingine alikuwa akimeza vidonge vya kushusha homa kwa siku tatu, huku akiketi darasani na kula mezani pamoja na wenzake. Aliambukiza wanne. Mmoja wao alikuwa mpishi wetu, mtu mzima anayekaribia miaka sitini, ambaye alichukuliwa hospitali. Mwenyezi Mungu alimponya, lakini aliporudi kazini baada ya majuma mengi hakuweza tena kuinua sufuria kubwa, vijana walimsaidia.

Nilimwita kijana yule, nikiwa na hasira, nikamuuliza kwa nini alificha. Alinitazama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, nilisikia ulivyomtaja yule wa kwanza."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi juu ya ubora wa kusema kweli, na kwa sentensi moja nilikuwa nimewafundisha vijana kwamba msema kweli ataaibishwa. Sisi husema, msema kweli mpenzi wa Mungu. Mimi nilimfanya msema kweli kuwa adui wa darasa. Kijana wa pili alikosa, naye alikiri. Lakini mlango aliopitia kuliingia kosa hilo niliufungua mimi. Nilimwomba radhi kijana wa kwanza mbele ya wenzake wote, nikasema maneno ambayo ingenipasa kuyasema siku ile ya mwanzo: "Huyu ametulinda. Mtihani umeahirishwa kwa sababu ya ugonjwa, si kwa sababu yake."

FUNZO KUTOKA WAKATI WA TAUNI

Ndugu uliyeingia katika dini karibuni, au ungali unachunguza, huenda ukashangaa kuona jambo la kikohozi cha mtoto likijadiliwa katika kurasa za dini. Lakini mambo haya hayakuanza leo. Mtume Mtukufu s.a.w. alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwenye ngamia wazima. Zingatia kwamba amri hiyo haikumlaumu mwenye ngamia kwa kuwa wanyama wake wameugua. Ilimtaka tu asiuhamishe ugonjwa huo kwa jirani yake. Vile vile alifundisha kwamba watu wasiingie katika nchi iliyopatwa na tauni, na waliomo humo wasitoke kuikimbia.

Sehemu ya pili ya fundisho hilo ni ngumu kuliko ya kwanza. Kutoingia penye hatari kila mtu atapenda. Lakini kubaki ndani, ili wa nje wasalimike, ni sadaka. Ndiyo maana Mtume s.a.w. hakuishia kwenye kuamrisha tu. Alifundisha pia kwamba mja anayebaki mahali pake wakati wa tauni kwa subira, akitumaini malipo ya Mola wake, hupewa ujira kama wa shahidi. Hapa ndipo palipo na hekima kubwa: aliyebebeshwa mzigo kwa ajili ya wengine alipewa heshima kubwa kabisa ambayo umma uliijua. Hakuachiwa aibu. Sisi katika siku za korona tulichukua amri tukaiacha heshima, tulimwambia mtu, "Kaa ndani," kisha tukaulizana, "Ni nani?"

Twajua pia habari za Sayyidna Umar r.a. Alikuwa safarini kwenda Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh akaletewa habari kwamba tauni imezuka huko mbele. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, wao wakakubaliana kwamba arudi. Alipotangaza kurudi, Abu Ubaida r.a. alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Sayyidna Umar hakukasirika kwa kuulizwa. Alijibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, akatoa mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: po pote atakapowachunga, ni kwa kadari ya Mungu. Baadaye Abdur-Rahman bin Auf r.a. akaja na fundisho la Mtume s.a.w. tulilolitaja, likaafikiana na uamuzi huo.

Habari hii inawajibu wale waliosema wakati wa korona kwamba anayeogopa kumpeleka mtoto mgonjwa shuleni ana upungufu wa imani. Tena inamfundisha kila mwenye kuongoza shule. Kiongozi asiyekuwa na hakika ashauriane, akubali kuulizwa, na aeleze sababu zake wazi. Wazazi huvumilia uamuzi mgumu. Wasichokivumilia ni kugundua kwamba walifichwa.

IKIWA SHULE NDIYO INAYOFICHA

Jambo hili latuleta nyumbani kwetu, Afrika ya Mashariki. Nchini Tanzania shule zilifungwa Machi 2020, na tarehe 29 Juni 2020 wanafunzi wote walikuwa wamekwisha ruhusiwa kurudi. Nchini Kenya madarasa matatu yalirudi tarehe 12 Oktoba 2020, na yaliyobaki tarehe 4 Januari 2021. Nchini Uganda shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa sehemu, zikafungwa tena Juni 2021 baada ya ugonjwa kuzuka shuleni, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili.

Kwetu shule nyingi ni za bweni, na nyingi huendeshwa kwa karo za wazazi. Mwenye shule binafsi alijua kwamba akitangaza kuwa wako wagonjwa bwenini, wazazi watakuja na magari kuwachukua watoto, karo zitakoma, na walimu hawatalipwa. Hofu hiyo si ya bure. Walimu wengi wa shule za binafsi nchini Kenya walibaki bila ya mshahara mwaka 2020. Hivyo shule nayo ina gharama ya ukweli kama yule mama mfagiaji, na hukumu yetu juu yake ni ile ile: anayo haja ya kusaidiwa, lakini hana ruhusa ya kuficha. Mtoto wa bweni yuko mbali na mama yake. Macho ya mwalimu ndiyo macho ya mzazi. Mwalimu akiyafumba, mtoto huyo hana mtu wa kumwona. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua.

Na mzazi ambaye shule imemwambia ukweli afanyeje? Akiikimbia shule hiyo na kumhamishia mtoto katika shule isiyosema kitu, ameikimbia nyumba yenye taa na kuingia katika nyumba yenye giza, akidhani kwamba nyoka huwa mahali anapoonekana tu.

Wako waliosema: Kwa nini tusifunge shule zote, tukamaliza udhia? Hawa nao walihamisha mzigo. Mtoto mwenye vitabu na baba msomi nyumbani alipoteza kidogo. Msichana wa kijijini aliyekaa nje ya shule ya Uganda kwa miaka miwili aliweza kupoteza yote. Wako walioolewa, wako waliopata watoto, na wako waliozoea kazi wasirudi tena darasani. Ukweli wa mzazi mmoja huiwezesha shule kufunga darasa moja badala ya kufunga madarasa yote. Kila anayesema kweli mapema anailinda shule ya watoto wasiomjua.

YATUPASAYO

Yatokanayo na hayo yote ni wajibu wa pande tatu.

Mzazi yampasa aseme anachokijua, na aeleze shaka yake kama shaka, hata kama itamgharimu. Amana ya watoto wa watu haipimwi kwa ujira wa siku moja.

Mwalimu na wafanyakazi wenzake yawapasa waupokee ukweli kwa namna ambayo mwingine atautamani. Jina la mgonjwa lisitajwe, wala lisidokezwe. Aliyetoa habari ashukuriwe. Mtoto anayerudi baada ya siku za kutengwa apokewe kama mgeni mpenzi, wala kiti chake kisisogezwe pembeni.

Jamii yote, yaani majirani, waumini, waajiri na serikali, yawapasa wailipe gharama pamoja. Jambo hili si gumu kama linavyodhaniwa. Jirani aweza kuweka chakula mlangoni. Mwenye mtoto katika darasa hilo hilo aweza kupeleka madaftari. Wazazi wa darasa waweza kuchanga kidogo kila muhula, ili atakayelazimika kukaa nyumbani asikose unga. Mwajiri aweza kusema, "Kaa na mwanao, siku hizi nitazihesabu." Na sheria inapotungwa, msaada utangulie adhabu, au angalau vifike siku moja.

Nimesema tangu mwanzo kwamba swali letu ni kama kosa la mwenye kuficha ni lake peke yake. Sasa jawabu liko wazi. Kusema kweli ni deni la kila mtu, tajiri na maskini, hakuna anayesamehewa. Lakini anayemdai mwenzake ukweli, naye anadaiwa: anadaiwa kuupokea bila ya kumwaibisha aliyeusema, na kuubeba pamoja naye. Mimi nilidai deni langu kwa kijana yule, nikasahau lile nililodaiwa, na mzee mmoja mpishi akalipa kwa mapafu yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli penye hasara kama tulivyo wakweli penye faida, na atujaalie tuwe watu ambao mbele yao jirani hataogopa kusema, "Mwanangu anaumwa." Amin.